Barua pepe yenye jina la kampuni yenu ambayo hamkuituma

Mhasibu anapokea barua pepe kutoka kwa msambazaji wake wa miaka mingi, anwani ikiwa ile ile herufi kwa herufi, ikimweleza kwamba akaunti ya benki imebadilika na ankara iliyoambatishwa ilipwe kwenye akaunti mpya kabla ya saa kumi jioni. Seva ya msambazaji haijadukuliwa. Itifaki ya SMTP, yaani kanuni ambazo seva hufuata kusafirisha barua pepe, iliyochapishwa mwaka 1982, haikuwekewa utaratibu wa kumthibitisha anayetuma, kwa hiyo mwenye seva yoyote anaweza kujaza jina la kikoa cha mwingine (sehemu ya anwani inayofuata alama ya @) katika sehemu ya mtumaji.

Kinga ziko tatu, na zote hutangazwa katika rekodi za DNS za kikoa, ile orodha ya umma ya mtandaoni yenye taarifa za kila kikoa. SPF hutaja seva zilizoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa, na DKIM hutia kila barua saini ya kidijitali inayoweza kuhakikiwa. Wengi huishia hapo, wakidhani wamemaliza kazi, ilhali SPF hukagua anwani ya kwenye bahasha, yaani ile ambayo seva hupeana wakati wa kusafirisha barua na ambayo msomaji haioni. Tapeli huweka kikoa chake mwenyewe kwenye bahasha, akafaulu ukaguzi, huku skrini ya mhasibu ikionyesha jina lenu. DMARC ndiyo inayodai kwamba kikoa kinachoonekana kilingane na kilichothibitishwa na SPF au DKIM, na humwelekeza mpokeaji la kufanya visipolingana.

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinamtaka anayetuma barua kwa wingi awe na zote tatu, lakini zinaridhika na DMARC yenye sera ya p=none, ambayo haizuii chochote bali huomba ripoti tu. Ripoti hizo zisomwe kwa makini, kwani zitafichua kila kinachotuma barua kwa jina lenu: mfumo wa mishahara, huduma ya kutuma matangazo na, kwa uzoefu wangu, ile mashine ya kuskani ya ghorofani ambayo hakuna anayekumbuka kuwa nayo hutuma barua. Hizo zikishaidhinishwa, sera ihamishwe hadi p=quarantine (barua isiyolingana iwekwe kando kama barua taka), kisha p=reject (ikataliwe kabisa). Kampuni iliyosajili .co.tz na .com, ikatumia moja tu, inapaswa kukifunga pia kikoa kinacholala, kwa rekodi ya SPF ya v=spf1 -all, isiyoruhusu seva yoyote kutuma, na DMARC ya p=reject.

DMARC haimzuii anayesajili kikoa kinachofanana na chenu kwa tofauti ya herufi moja, wala anayeiga jina la kampuni nzima. Raia mmoja wa Lithuania alisajili nchini Latvia kampuni yenye jina la Quanta Computer ya Taiwan, na kati ya mwaka 2013 na 2015 Google na Facebook zikamlipa zaidi ya dola milioni 120 kwa ankara bandia. Kwa hiyo kila ombi la kubadilisha akaunti ya malipo lithibitishwe kwa simu, kwa kutumia namba iliyo kwenye mkataba, si ile iliyoandikwa chini ya barua pepe yenyewe.