Kubadili si Kugeuza

Mtoto katoka chumbani, shati kalivaa mishono nje. Mama anamwambia, "Geuza shati." Mtoto anarudi ndani, anatoka na shati jingine. Huyo kabadili, hakugeuza.

Kugeuza ni kukipa upande mwingine kitu kilekile. Ndiyo maana vyama vingi viliporudi Tanzania mwaka 1992 watu walizungumzia mageuzi: nchi ni ileile, mwelekeo ndio uliogeuka. Kubadili, kwa asili yake, ni kutoa hiki ukaweka kile. Neno tumelipata kutoka Kiarabu, na ukoo wake wote una wazo hilo la kitu kukaa mahali pa kingine: badala, mbadala, badilishana.

Naulizwa mara kwa mara lipi sahihi, "badili" au "badilisha". Yote mawili ni sahihi. Kiambishi -ish- kwa kawaida huongeza msababishaji, lakini hapa kimepoa, na "kubadili nguo" ni sawa na "kubadilisha nguo". Lisilofaa ni kusema "nimebadilisha" wakati mambo yamekwenda yenyewe. Maji yamebadilika rangi, hayakubadilisha kitu.

Dukani ndiko neno hili linakofanya kazi nzito. Ukimpa muuzaji noti ya shilingi 10,000 ukasema "nivunjie", unataka noti ndogondogo za thamani ileile. Ukisema "nibadilishie", atadhani noti imechanika, au kwamba bidhaa uliyonunua jana ni mbovu. Na hela anayokurudishia baada ya kununua ni chenji, neno lililotoka Kiingereza likakaa kwetu kama mwenyeji. Sioni sababu ya kulifukuza. Konda akisema "sina chenji", abiria wote wameelewa.

Kwenye sheria neno hupanuka. Ibara ya 98 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inaeleza kwamba kubadilisha masharti ni pamoja na kuyarekebisha, kuyasahihisha, au kuyafuta na kuweka mengine badala yake. Hapo mwandishi wa sheria hakuacha neno lielee, alilichorea mipaka.

Mwananchi wa kawaida hana ibara ya kumlinda anaposimama dirishani na cheti chake. Anaitwa Rehema, cheti kimeandikwa Rehma, naye anasema, "Nataka kubadili jina." Mhudumu anaelewa kwamba anataka kuliacha jina hilo achukue lingine, jambo lenye utaratibu wake na kiapo chake, na mama wa watu anazungushwa siku nzima. Jina lake halibadiliki hata kidogo. Barua yake iseme hivi: "Naomba kusahihishiwa jina langu, herufi e iliachwa baada ya h."