Kiinua mgongo, mkeka na upweke wa mstaafu

Katika kazi yangu ya ushauri wa saikolojia hapa Dar es Salaam, wazee wenye tatizo la kamari karibu wote huletwa na binti au mkwe, tena baada ya kiinua mgongo kwisha. Familia huuliza swali lile lile: mtu aliyefika miaka 60 bila kugusa kamari, tamaa hii kaitoa wapi?

Neno tamaa mimi silitumii. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyefiwa na mkewe, alinitolea mfukoni mikeka yake, yaani tiketi za kubashiri matokeo ya mechi. Kila mmoja ulikuwa umekunjwa mara nne, na pembeni ameandika saa ya mechi kwa kalamu nyekundu. Nilipomuuliza alichokuwa akikitafuta, hakutaja fedha. Alisema kwamba jioni ilikuwa na kitu cha kungojea, na kwamba pale kwenye kibanda cha kubashiri vijana bado walimwita "mwalimu" na kumwomba maoni, wakati nyumbani hapakuwa na wa kumuuliza lolote.

Upweke ndio unaomfikisha kibandani, lakini kinachomzuia asitoke ni mchezo wenyewe. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha kwa njiwa na panya kwamba tuzo isiyotabirika hujenga mazoea magumu kuvunjika, na mkeka uliochanika, yaani ulioshindwa, kwa mechi moja tu humwacha mtu akiamini kuwa amekaribia, ilhali mechi za kesho hazina habari na za jana. Ndipo huanza kukimbiza hasara, yaani kucheza zaidi ili arudishe alichopoteza. Kijana atasubiri mshahara wa mwezi ujao. Mstaafu aliyekwisha kula akiba yake hana pa kujazia pengo.

Ninawasihi sana watoto, kabla ya kumgombeza mzazi, waangalie dawa anazomeza. Baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson, pramipexole ikiwemo, huamsha mfumo wa dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu ya tuzo, na inajulikana kwamba huweza kumtia mtu hamu ya kamari asiyoweza kuizuia. Dawa isikatishwe nyumbani. Daktari aliyeiandika aelezwe wazi habari ya kamari, kwa kuwa mzee aliyezoea kusuluhisha ugomvi wa wengine ataona aibu kuitaja.

Kwa yule mwalimu tulianzia jioni. Binti yake, kwa ridhaa ya baba, ndiye anayeshika laini ya simu yenye pesa, na saa 11 wajukuu na watoto wa jirani huja na madaftari ya hesabu, naye huyasahihisha kwa kalamu ile ile nyekundu.