Zile episodi za "unakumbuka siku ile?"

Mie kazi yangu ni kukata video, na kuna kitu nakitetea kila siku: zile episodi za vichekesho vya TV ambapo wahusika wamekaa tu wanakumbushana, we unarushiwa vipande vya zamani. Watu husema ni uvivu. Pesa imo kweli, manake sizoni moja ya Marekani ilikuwa episodi 22 hivi ama zaidi, ikifika mwisho bajeti imekauka na waandishi wamechoka, sasa ukishuti dakika chache mpya kwa seti ile ile halafu zilobaki ukazitoa stoo, stesheni ishapata episodi nzima. Hata The Simpsons, ambayo ni katuni, walitoa yao ya kwanza 1993, na katuni kuichora ni kazi ya miezi.

Lakini fikiria mtazamaji wa wakati ule. Hakuna YouTube, episodi ikikupita bas. Kipande cha sekunde 30 kilikuwa zawadi.

Ugumu uko kwenye mshono, pale kipande kinapounganishwa na kingine. Ukibakisha lile neno la mwisho la kuchekesha peke yake, mtu hacheki, hajui limetoka wapi, na ukiacha mwanzo wote kipande kinaburura. Halafu kicheko cha watu kinachosikika nyuma ya mchezo: ukikikata katikati sikio linashtuka, kwa hiyo mie hukiacha kishuke chenyewe juu ya picha inayofuata.

Na kikubwa kabisa ni sababu ya kukumbuka. Pale barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, hakuna mtu husema "haya tukumbuke", mtu atapita ama jina litatajwa ndio kisa kije. Ndio naipenda ile ya Friends ya 1998, Ross na mchumba wake Emily wanatuma kadi za harusi, je Rachel, mpenzi wa zamani wa Ross, aalikwe ama asialikwe? Hapo kila kipande cha mapenzi ya nyuma ya Ross na Rachel kinauma, manake kinavuta jibu huku ama kule. Community, vichekesho vingine vya Marekani, nao 2011 wakakumbuka mambo ambayo hatujawahi kuonyeshwa, karibu vipande vyote vimeshutiwa upya badala ya kutolewa stoo, na bado unahisi hawa watu wameishi pamoja miaka.

Mzee Ojwang wa Vitimbi, vile vichekesho vya TV ya Kenya, alipofariki 2015, barazani hapakuwa na TV, kahawa tu, lakini wazee walikaa mpaka isha wakirushiana vipande, huyu anaanza maneno ya Ojwang, yule anamjibu kama Mama Kayai, mkewe kwenye mchezo.