Mhandisi ana kazi gani Mirihi?

Vijana wa uhandisi huniuliza kama ni lazima waanze upya na shahada ya biolojia ndipo waingie kwenye astrobiolojia, yaani utafiti wa uwezekano wa uhai nje ya Dunia. Si lazima. Mimi nilitokea kiwandani, kwenye matengenezo ya kromatografu za gesi, mashine zinazotenganisha gesi zilizochanganyika, na kinachoniweka mjini hadi leo ni ujuzi uleule: kuishuku mashine kabla ya kuziamini namba zake.

Chukua vyombo viwili vya Viking, vilivyotua Mirihi mwaka 1976. Ndani yake mlikuwa na tanuri dogo. Udongo unapashwa joto hadi nyuzi 500 za Selsiasi, mvuke wake unapita kwenye kromatografu, kisha spektromita ya masi inatambua molekuli zilizomo. Wanasayansi walikuwa wanasaka kaboni ya oganiki, yaani ile ya molekuli kama zinazojenga viumbe. Ukiacha maji na kaboni dioksidi, waliambulia klorometani na diklorometani kiduchu, wakasema hayo ni mabaki ya viyeyusho vilivyotumika kusafishia mitambo huku Duniani. Aliyewahi kusafisha mitambo ya aina hii hawezi kushangaa. Kiyeyusho hung'ang'ania kama harufu ya samaki mkononi.

Kumbe hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilikuta chumvi za perkloreti, zenye klorini na oksijeni, kwenye udongo wa kaskazini mwa Mirihi. Perkloreti ikiwa baridi imetulia tu. Itie kwenye tanuri: inaachia oksijeni na klorini, na kaboni iliyo jirani inaungua. Mwaka 2010 watafiti walichanganya perkloreti na udongo wa jangwa la Atacama, Chile, wakaupasha joto, zikatoka klorometani na diklorometani zilezile. Huenda basi tanuri ndilo lililoteketeza kilichokuwa kinatafutwa. Ubishi haujaisha, ila mimi tanuri lile nalishuku sana.

Roboti ya Curiosity, iliyotua kwenye kreta ya Gale huko Mirihi mwaka 2012, nayo ilipata msukosuko wake. Maabara yake, SAM, ilibeba vikombe vya kemikali iitwayo MTBSTFA, na mvuke wake ukavuja humo ndani. Fundi wa kumtuma na spana hayupo. Timu ikaendesha vipimo bila udongo, ikajua mashine yenyewe inachafua kiasi gani, ndipo ikalinganisha. Kwenye sampuli ya mwamba wa tope inayoitwa Cumberland, klorobenzini, molekuli ya kaboni yenye klorini, ilifika sehemu 150 hadi 300 katika bilioni, nyingi mno kusingizia uvujaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Uhai haukuthibitishwa, lakini kaboni ya oganiki ya Mirihi yenyewe ilipatikana.

Kwa hiyo soma kemia ya oganiki, na jiolojia pia; mimi ilinitesa kuliko hisabati yote ya chuo. Biolojia utaichota ukiendelea. Ila unapoomba nafasi kwenye kundi la utafiti, miaka ya karakana usiifiche mkiani mwa wasifu wako. Europa Clipper, iliyorushwa Oktoba 2024, inatarajiwa kufika Mshtarii mwaka 2030 ikiwa na spektromita ya kupima gesi hafifu kandokando ya mwezi wake uitwao Europa. Vyombo vya angani navyo hutoa mvuke wa gundi, rangi na plastiki zake, na lazima awepo mtu wa kusema upi ni wa chombo na upi ni wa Europa.