Busta ni nini? Kupandisha volti za sola na za seli za haidrojeni

Busta ni sakiti inayopokea umeme wa DC (mkondo wa upande mmoja, kama wa betri) wenye volti ndogo na kuutoa ukiwa na volti kubwa. Haizalishi umeme. Wati 100 zikiingia kwa volti 18 ni ampea 5.6, zikitoka kwa volti 48 ni ampea 2 tu, na kiasi kidogo kimeshapotea kama joto.

Ndani mna koili, mosfeti (swichi ya kielektroniki), dayodi (hupitisha umeme upande mmoja tu) na kapasita (hulainisha volti za kutoka). Mosfeti ikipitisha, koili hujaza nishati. Ikikata, koili haikubali mkondo wake ufe ghafla: huusukuma kupitia dayodi, na volti zake hujumlishwa na za paneli. Volti za kutoka ni za kuingia ÷ (1 − D), ambapo D ni sehemu ya muda mosfeti inapopitisha. Kutoka 18 hadi 48, D ni 0.625. Mosfeti ikiwaka na kuzima mara 50,000 kwa sekunde (kilohezi 50), mkondo wa koili ukipanda na kushuka kwa ampea 2, koili iwe ya maikrohenri 112 hivi, inayobeba ampea 10 bila kushiba. Ikishiba, yaani kiini chake kikishindwa kuongeza usumaku, mkondo huruka juu na mosfeti inaungua.

Chukua pampu ya shambani Soroti, Uganda, inayoendeshwa na paneli kupitia busta. Saa saba mchana paneli juu ya mabati hufika nyuzi 65, na zile volti 18 hushuka hadi 15 hivi. Hilo si tatizo, D inapanda. Tatizo ni wingu. Busta inayojali volti za kutoka peke yake itazidi kuvuta, na kadiri inavyovuta ndivyo paneli inavyozama, mpaka pampu isimame. Ndiyo maana busta ya sola inahitaji kidhibiti kinachoifuata nguvu ya juu ya paneli.

Seli ya haidrojeni, inayozalisha umeme kutokana na gesi ya haidrojeni, ina tabia nyingine. Kila seli hutoa karibu volti 1 bila mzigo, 0.6 hadi 0.7 ikifanya kazi, na mawimbi ya mkondo (kupanda na kushuka kwake kwa haraka) huichosha. Hapo huwekwa busta mbili zinazopokezana, mawimbi yakapunguzana. Gesi nayo huchelewa kufuata mzigo, kwa hiyo betri ya kusaidia ni lazima.

Dayodi ya 1N4007 usiitie humu. Ni ya umeme wa hezi 50 kama wa gridi ya Uganda. Kwa kilohezi 50 haiwahi kufunga, inachemka. Weka dayodi ya Schottky, inayofunga haraka, ya volti 100. Na kuzima mosfeti hakukati umeme, maana njia ya koili na dayodi iko wazi muda wote. Shoti ikitokea upande wa pampu, fyuzi ya ampea 10 kwenye waya wa kuingia haitakatika kwa paneli ya wati 100, maana hata kwa shoti paneli hiyo hutoa ampea 6 hivi tu; kata kwa swichi kwenye waya wa kuingia.