Opereta huenda kwa zamu gani?

Mpwa wangu alikuwa barazani kwetu Mkomani, Amu, tarakilishi mapajani, anaandika programu ndogo kwa Python, lugha ya kuandikia programu, ya kupiga hesabu ya boti la Mokowe. Tuseme abiria ni 4, nauli shilingi 200, na kila mmoja ana begi la kulipiwa 50. Akaandika:

nauli + mzigo * abiria

Jibu likatoka 400.

"Mjomba, kitu hiki hesabu hakijui."

Kinajua. Opereta ni alama au neno linalofanya kazi juu ya thamani, kama +, * (kuzidisha), > au and. Zikikutana kwenye mstari mmoja, kila moja ina daraja lake. Kuzidisha kuko juu ya kujumlisha, kwa hiyo 50 ilizidishwa kwa 4, kisha 200 ikaongezwa. Mabano huzipita zote: (nauli + mzigo) * abiria ni 1000, na nahodha hapotezi 600 zake.

Wenzetu wa Tanzania hukariri MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Neno tamu, ila lina mtego. Chukua 10 - 4 + 3. Anayelifuata herufi kwa herufi atajumlisha 4 na 3 kwanza, atoe 7, abaki na 3. Python itakupa 9, kwa kuwa kujumlisha na kutoa ni daraja moja, na walio daraja moja huenda kutoka kushoto. Kipeo, kinachoandikwa **, ndicho mkaidi, chenyewe huanzia kulia: 2 ** 3 ** 2 ni 512, si 64. Na -3 ** 2 ni -9, maana kipeo huishika 3 kabla alama ya hasi haijafika. Hili hunikera mpaka leo. JavaScript huukataa mstari huo mpaka uweke mabano, na naona ndio uungwana.

Sasa tazama huu:

abiria > 0 and jumla / abiria > 100

Kugawanya kuna daraja la juu kuliko and. Je, kutafanyika kwanza? Hapana. Daraja huamua nani anashikana na nani; nani anatangulia ni habari nyingine. Anayekwenda Faza kwa kupitia mlango wa Mkanda huuliza maji kwanza. Yakiwa yamekupwa, habari ya petroli haina maana, safari haipo. Ndivyo ilivyo and: upande wa kushoto ukiwa si kweli, wa kulia hauguswi kabisa. Abiria wakiwa 0, mgawanyo haufanyiki na programu inasalimika. Geuza pande hizo mbili uone itakavyoanguka kwa kugawa kwa sifuri. Kwa or ni kinyume: kushoto kukiwa kweli, imetosha.

"Na lugha zote ni hivi?" akauliza.

La. Smalltalk haina madaraja baina ya + na *. Husoma kutoka kushoto basi. Mstari ule wa kwanza wa mpwa wangu, bila mabano, kule ungetoa 1000 barabara.

"Kumbe mimi nilikuwa naandika Smalltalk," akasema, huku akitia mabano.