Joto kavu la jangwani: maswali ya watu wa Lamu wenye jamaa zao Uarabuni

Mwezi wa Saba Lamu huwa na nafuu. Kusi inavuma, bahari ya Shela imechafuka, usiku watu wanavuta shuka. Mwezi huohuo Saudia, Kuwait na Imarati wako katikati ya kiangazi, na huko wako watoto wetu: wasichana wa kazi za nyumbani, vijana wa ujenzi, madereva, walinzi. Habari zikitangaza wiki nzima ya nyuzi 45 na zaidi, simu za mitaa yetu ya Langoni na Mkomani hazipumziki. Haya ni baadhi ya maswali ambayo jamaa hujiuliza, na majibu yake. Nyuzi zote hapa ni za Selsiasi.

Binti yangu yuko Riyadh. Aniambia huko ni nyuzi 45 lakini hatoki jasho kama huku. Si afadhali basi kuliko fukuto letu?

Jasho linamtoka, tena huenda likawa jingi kuliko la huku. Halioni tu.

Mwili haupoi kwa kutoa jasho. Unapoa jasho linapogeuka mvuke na kuondoka na joto la ngozi. Lamu mwezi wa Tatu, kaskazi ikishalala, joto ni nyuzi 32 hivi lakini hewa imeshiba mvuke wa bahari, kwa hiyo jasho halina pa kwenda. Linachuruzika shingoni, linalowesha kanzu mgongoni, na lile linalodondoka chini halijapoza chochote. Riyadh hewa ni kavu, jasho hukauka kabla halijaonekana. Kinachobaki ni weupe wa chumvi kwenye kola na kwapani mwa nguo.

Ndipo mtu wa Pwani anapodanganyika. Amezoea kuipima hari kwa nguo kulowa. Nguo ikiwa kavu, anadhani hajapoteza maji. Kumbe anayefanya kazi juani anaweza kupoteza lita moja kwa saa, na wengine zaidi, bila kujifuta uso hata mara moja.

Nafuu ipo, siikatai. Nyuzi 40 kavu zinavumilika kuliko nyuzi 40 zenye mvuke, lakini kwa sharti kwamba maji yanaingia mwilini kwa kasi ileile yanayotoka. Hewa ikishakuwa na joto kuliko ngozi, ambayo ni kama nyuzi 35, mwili hauwezi tena kutoa joto kwa upepo peke yake. Upepo wenyewe unauongezea joto. Hapo jasho ndilo mlango pekee uliobaki.

Aliyeko Jeddah, Dubai au Doha yuko katika hali nyingine. Hiyo ni miji ya pwani, na siku nyingine hupata yote mawili pamoja, nyuzi 40 na mvuke. Mbele ya hayo fukuto la Lamu ni cha mtoto.

Wanasema joto litakaa wiki nzima. Wiki ina tofauti gani na siku moja?

Tofauti iko usiku. Jangwani penyewe usiku hupoa, kwa kuwa hewa kavu haishiki joto, lakini mjini saruji na lami huachia usiku kile zilichomeza mchana. Mwili uliokosa kupoa usiku huamka na deni, na siku ya pili huongeza juu yake. Wazee na wenye ugonjwa wa moyo au figo mara nyingi huzidiwa siku ya pili, ya tatu, au baadaye zaidi. Kwa hiyo mkipiga simu siku ya kwanza mkaambiwa “mzima”, pigeni tena.

Anywe maji kiasi gani? Na madafu je, au chai?

Asingoje kiu. Kiu huchelewa, na kwa mzee huchelewa zaidi. Anayefanya kazi kwenye joto anywe kikombe kimoja kila dakika 15 au 20. Asiyefanya kazi ngumu atazame mkojo: ukiwa na rangi ya maji ya limau ni sawa, ukifanana na chai ya rangi, au mtu akipitisha nusu siku bila kwenda haja ndogo, amechelewa.

Lakini kuna kuzidisha pia, na hili halisemwi vya kutosha. Mtu akinywa zaidi ya lita moja na nusu kwa saa, tena maji matupu, chumvi ya damuni huchujuka. Kichwa kinamuuma, anatapika, anachanganyikiwa, na watu wanaomzunguka wakidhani ni kiu wanamwongeza maji. Kinga yake ni kunywa kidogo kidogo na kula chakula cha kawaida chenye chumvi. Anayekula vizuri mara tatu hapungukiwi chumvi kwa urahisi. Anayeshinda na biskuti na soda ndiye wa kuangaliwa.

Dafu ni zuri kwa kiu, na lina madini ya potasiamu kwa wingi, ila chumvi yake ni ndogo. Halitoshi peke yake kwa mtu aliyetoka jasho kutwa. Akikosa pakiti za ORS za dukani (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), atengeneze mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote viwe sawa si vya kujaza lundo. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto. Mwenye presha au kisukari asifanye kinywaji hiki kuwa cha kila siku. Chai na kahawa kwa kiasi hazina neno.

Nitajuaje huyu amechoka tu na huyu amezidiwa na joto?

Angalia akili yake kwanza.

Aliyechoka kwa joto anatoka jasho, kichwa kinauma, ana kizunguzungu na kichefuchefu, misuli ya miguu au tumbo inamkaza. Lakini ukimwuliza yuko wapi na leo ni siku gani, anakujibu sawasawa. Huyo mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mlaze miguu iinuke kidogo, mpe maji taratibu, mpanguse kwa kitambaa chenye maji. Nusu saa ikipita bila nafuu, apelekwe kwa daktari.

Aliyezidiwa ndiye mwenye kiharusi cha joto, na ubongo wake umeshaguswa. Anaongea ovyo, anagomba bila sababu, anapepesuka, hajui alipo, anapata degedege au anazimia. Ndani ya mwili joto limefika nyuzi 40 au limepita. Wengi wamefundishwa watafute ngozi kavu isiyo na jasho. Dalili hiyo msiitegemee: aliyekuwa akifanya kazi ngumu anaweza kuwa amelowa chapachapa na bado ni kiharusi, na jangwani kwa upande mwingine ngozi ya kila mtu ni kavu.

Hapo mmoja apige simu: Saudia ni 997, Imarati 998, Qatar 999, Kuwait 112. Wengine wasikae kungoja gari. Mgonjwa apozwe palepale alipo, kwa sababu kila dakika joto linavyokaa ndani ndivyo ini, figo na ubongo vinavyoungua. Kukiwa na hodhi au beseni kubwa la maji baridi atiwe hadi shingoni, mtu ameshika kichwa chake. Kusipokuwa na hodhi amwagiwe maji mwili mzima bila kukoma huku akipepewa, na barafu iwekwe shingoni, kwapani na kwenye kinena.

Najua watu wetu watasita kumvua mwanamke buibui mbele za watu. Msitirini kwa leso au shuka nyepesi na muilowanishe hiyo leso yenyewe, lakini nguo nzito iliyomgubika itoke.

Panadoli haisaidii. Homa ya malaria huja kwa ubongo kuamuru mwili upandishe joto, na panadoli huipinga amri hiyo. Hapa hakuna amri yoyote. Joto limeingia na kuzaliwa ndani kuliko mwili unavyoweza kulitoa, na ini ambalo lingeishughulikia dawa tayari liko taabani. Asiyejielewa asinyweshwe kitu, asije akapaliwa.

Kijana wangu anaanza kazi ya ujenzi wiki hiihii. Mtu wa Lamu amezaliwa kwenye joto, si atazoea?

Atazoea, ila kuzoea kunachukua wiki moja hadi mbili, na kuzaliwa Lamu hakumpunguzii siku. Mazoea ya joto hupotea ndani ya wiki chache, naye ametoka kwenye upepo wa kusi. Katika siku zile za kuzoea mwili hujifunza kutoa jasho mapema na kwa wingi zaidi, kubana chumvi isitoke nalo, na moyo kutopiga mbio. Kabla ya hapo hana ulinzi huo. Wafanyakazi wengi wanaokufa kwa joto hufa siku zao za kwanza kazini.

Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanashauri mgeni asipewe zaidi ya sehemu moja ya tano ya kazi ya kawaida siku ya kwanza, kisha aongezewe kiasi hichohicho kila siku. Msimamizi gani atakubali, sijui. Lakini kuna sheria anazoweza kuzitaja kwa adabu. Saudia imekataza kazi za juani saa sita mchana hadi saa tisa, kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba. Imarati tarehe ni hizohizo, saa sita na nusu hadi saa tisa. Qatar ni kuanzia 1 Juni hadi 15 Septemba, saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Kuwait, ambako kipimo cha kituo cha hali ya hewa cha Mitribah kilifika nyuzi 53.9 tarehe 21 Julai 2016, ni Juni hadi mwisho wa Agosti, saa tano hadi saa kumi.

Na wafanye kazi wawili wawili. Aliyeanza kuchanganyikiwa hawezi kujiona.

Mzee wetu anakwenda Makka. Tumwandae vipi?

Hija ya mwaka 2024 iliangukia katikati ya Juni, na kipimo cha Msikiti Mtukufu kilifika nyuzi 51.8. Serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301, na zaidi ya wanne kati ya kila watano walikuwa wameingia bila kibali cha hija. Hawakuwa na mahema yenye kiyoyozi wala mabasi. Walitembea mbali juani. Kwa hiyo wakala anayewaambia kibali ni urasmi tu anawauzia hatari.

Hija hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, lakini Mei ya Makka nayo hupita nyuzi 40, na umra huwa mwaka mzima. Mzee aanze kutembea jioni wiki kadhaa kabla, pale bandarini panatosha. Mwanamume akiwa kwenye ihramu hafuniki kichwa, ila mwavuli anaruhusiwa, na uwe wa rangi nyeupe. Ibada ambazo wakati wake una nafasi azifanye usiku au baada ya alfajiri. Asipunguze maji kwa kuogopa foleni ya choo. Wazee hufanya hivyo mno, hasa kina mama, na hawasemi.

Binti yangu ana feni tu chumbani, hana kiyoyozi.

Hewa ikiwa chini ya nyuzi 40, feni inamsaidia. Ikizidi hapo na iwe kavu, inampulizia hewa ya tanuri na kumkausha. Asiiwashe kavu kavu. Alowanishe leso ajifunike, au atundike shuka yenye maji dirishani. Kwenye hewa kavu ujanja huu unafanya kazi vizuri, kuliko utakavyowahi kufanya Lamu. Mchana afunge madirisha na mapazia, usiku afungue. Nyumba zetu za mawe zenye kuta nene na vichochoro vyembamba zilijengwa kwa hekima hiyohiyo ya kulizuia jua lisiingie.

Sheria za saa za mchana nilizotaja ziliwekwa kwa kazi za nje juani, si kwa jikoni. Hivyo aombe kupika na kupiga pasi asubuhi au usiku. Akikataliwa, ajimwagie maji mikononi na kichwani kila anapoweza, na awe na chupa yake karibu.

Jamaa yangu pua inamtoka damu na midomo imepasuka. Ni ugonjwa?

Mara nyingi ni ukavu tu. Aketi ameinama mbele, si kulala chali, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia. Baadaye apake mafuta ya mgando kidogo ndani ya tundu la pua na midomoni. Damu isipokata kwa nusu saa, au akiwa anatumia dawa za kulainisha damu, aende hospitali. Mwenye pumu akae ndani siku ya vumbi na bomba lake la dawa liwe mfukoni.

Jamaa yetu anatumia dawa za presha na sindano za kisukari. Kuna tatizo?

Liko. Dawa za presha zinazokojolesha humtoa maji ambayo joto nalo linayataka. Baadhi ya dawa nyingine za presha na moyo huuzuia moyo kuongeza kasi. Dawa za mafua na mizio zinazosababisha usingizi, na nyingi za maradhi ya akili, hupunguza jasho. Asiache hata moja kwa uamuzi wake, bali kabla ya kusafiri amwulize daktari kama kipimo kibadilishwe kwa kiangazi.

Insulini isiyofunguliwa hukaa kwenye friji bila kuganda. Inayotumika, aina nyingi zake hazitaki kupita nyuzi 30. Asipokuwa na friji, aitie kwenye kichupa kikavu kilichofungwa, kisha ndani ya chungu cha udongo kilicholoweshwa nje, kivulini penye upepo. Kwenye hewa kavu chungu hupoa vizuri sana. Asiilaze juu ya barafu. Wala asiiache garini: gari lililoegeshwa juani huongeza nyuzi kama 20 kwa nusu saa, na hilo ni kwa dawa, kwa mzee aliyesinzia kiti cha nyuma, na kwa mtoto zaidi ya wote.